Sura ya Tano: Ukimya Husomwa

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndani ya msitu wa miombo wa wilaya ya Mpanda, kwa ajili ya Wahutu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Katumba na Ulyankulu yalikuwa yametangulia, na wengi waliopelekwa Mishamo walitoka Ulyankulu, ambako watu walikuwa wamezidi uwezo wa ardhi na maji. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikwenda huko kwa utafiti, akagawa muda wake kati ya Mishamo na mji wa Kigoma, na matokeo yake yakatoka mwaka 1995 katika kitabu Purity and Exile. Huko Mishamo watu walisimulia. Walisimulia asili ya Burundi, ujio wa Watutsi, utawala wa Wabelgiji, mauaji, njia waliyokimbilia na maisha ya kambini, na masimulizi ya huyu yalifanana na ya yule hata katika mpangilio wake. Kigoma mjini, kwa watu wa asili ileile waliokimbia mauaji yaleyale, alikuta hali tofauti kabisa. Wengi hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Walijichanganya na Waha, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi, wakaoa na kuolewa, wakafanya biashara zao ndogondogo, na hawakuona haja ya kumweleza mtu wametoka wapi.

Kitabu hicho kiliandikwa kuhusu utaifa na uhamisho, na si haki kumbebesha mwandishi wake hoja ninayoijenga hapa. Hata hivyo kinatupa ushahidi adimu. Makundi mawili yenye chimbuko moja, lugha moja na msiba mmoja yalitofautiana kabisa katika kiasi cha kusema mbele ya watu. Haiwezekani kwamba waongeaji wote walipangiwa Mishamo na wakimya wote wakakimbilia Kigoma. Kilichotofautiana ni mahali. Kambini kusema juu ya yaliyopita kulimfanya mtu kuwa wa jamii; mjini kusema hivyohivyo kulimweka hatarini. Basi tunapomwona mtu amenyamaza kwenye kikao, ofisini au ndani ya basi, kabla ya kumpa jina la mpole, mwenye kiburi au mwenye siri, inatupasa kuuliza mahali pale panamtoza nini anapofungua kinywa.

Nasema hivyo bila kukana kwamba wapo watu waliozaliwa wakimya. Daktari wa Uswisi Carl Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu, alieleza kwamba baadhi yetu hupata nguvu kwa kurudi ndani ya nafsi, na wengine kwa kutoka kuelekea watu na mambo ya nje. Wanasaikolojia waliomfuata walipima jambo hilo kwa njia nyingi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika uchangamfu inatokana na urithi. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne, akaona kwamba mmoja kati ya watano hivi hushtuliwa sana na vitu vigeni, na kwamba watoto wa kundi hilo ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa waangalifu na wazito wa kuzoea watu wapya. Hulka ipo. Lakini hata Jung alikumbana na ukimya wa namna nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akaenda Nairobi, kisha akapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akawa anafanya mabaraza na wenyeji kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Alitaka kusikia ndoto zao. Kila alipouliza, walikwepa, ingawa alitoa zawadi ndogondogo, na yeye mwenyewe alihisi kwamba walichelea madhara ya kumpa mgeni mambo yao ya ndani. Bwana aliyewafundisha walimwengu kuhusu watu wa ndani alikuwa amekaa mbele ya watu waliokuwa wakijilinda tu.

Ukimya wa hulka na ukimya wa kujilinda huonekana sawa kwa mtazamaji, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanza. Marc Sommers, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu cha Fear in Bongoland mwaka 2001, aliandika kuhusu vijana waliotoroka makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Tanzania, wakaenda kushona nguo jijini. Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1965 iliipa serikali mamlaka ya kuamua mkimbizi akae wapi, na kutoka makazini kulihitaji kibali. Kijana aliyekuwa Dar bila kibali alilazimika kupima kila sentensi: lafudhi yake, jina la kijiji chake, namna ya kujibu swali dogo la mteja kwamba kwao ni wapi. Wengine walilala kwenye vibanda vya kushonea na kuzunguka kati ya kazi na kanisa tu. Mtu angewatazama angesema hawa ni watu wapole wasiopenda makundi. Huenda baadhi yao walikuwa hivyo kweli. Wengine walikuwa wachangamfu waliojifunga midomo, na mzigo wa mchangamfu aliyejifunga mdomo ni mzito kuliko wa mkimya aliyekaa kimya, kwa sababu yeye haponi kwa upweke, upweke unamla.

Tofauti hii ina matokeo ya kivitendo. Mwaka 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi waliomba uraia, na zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa. Kwa miaka kadhaa hawakujua kama wangetawanywa katika mikoa mingine ili wapewe vyeti. Mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa, na wakabaki walipo. Mishamo leo iko katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, na mkazi wake mwenye cheti hana sababu ya kisheria ya kuficha kwao ni wapi. Aliyekuwa kimya kwa hofu ana nafasi ya kupona ukimya ule, japo mazoea ya miaka arobaini hayafutwi kwa karatasi. Aliyekuwa kimya kwa hulka atabaki vilevile, na wala hakuna cha kuponya. Kumshauri wa kwanza avumilie tu hali yake ni kumwacha na kidonda, na kumshauri wa pili abadilike ni kumtafutia ugonjwa asio nao.

Sasa tumchukue huyu wa pili, mkimya wa kuzaliwa, anayelazimika kuishi kijijini. Wanaoandika juu ya watu wa aina yake Ulaya na Marekani humpa ushauri wa kujitenga: funga mlango, zima simu, kataa mialiko. Ushauri huo unadai mji mkubwa, mahali ambapo ukinyamaza hakuna anayejua kwamba umenyamaza. Kijijini ukimya husomwa. Kiswahili chenyewe kinausoma pande mbili: kimya kingi kina mshindo mkuu, na simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kwa vyovyote, mkimya anadhaniwa ana jambo. Jirani asiyesalimia ana kiburi, asiyekuja msibani ana kinyongo, mzee anayeishi peke yake bila kuchangamana ana mambo yake ya usiku. Hilo la mwisho si mzaha. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mtu aliye nje ya mazungumzo ya majirani hana wa kumtetea tuhuma zinapoanza kunong'onwa. Kwa hiyo swali la mkimya wa Mishamo halianzi na namna ya kupata faragha. Linaanza na namna ya kuwafanya watu wausome ukimya wake kwa usahihi.

Naamini jamii zetu zilikwisha kumrahisishia kazi hiyo, ila hatuutazami urahisi huo kwa jicho hili. Salamu zetu zina maneno yaliyopangwa. Shikamoo ina jibu lake, habari za asubuhi ina jibu lake, na Kirundi nacho kina mzunguko wake wa kuulizana amani na habari. Mgeni huona tunapoteza muda. Kwa mkimya huo ndio unafuu wenyewe: hahitaji kubuni cha kusema, anatamka yaliyokwisha kutungwa na vizazi vilivyomtangulia, na akimaliza amehesabiwa kuwa mtu mwema. Msiba ni hivyohivyo. Hakuna anayemdai mfiwa au mwombolezaji mazungumzo. Anayekuja, akatoa pole, akachangia rambirambi, akakaa mkekani saa mbili akitazama chini, amemaliza wajibu wake kikamilifu kuliko msemaji aliyepita akaondoka. Posa ina mshenga. Kijana asiyeweza kujieleza mbele ya wakwe hatakiwi kujieleza. Ni utovu wa adabu akijaribu. Katika harusi za Warundi pia, wanaosema mbele ya koo mbili ni wasemaji waliochaguliwa, na wahusika wenyewe wametulia. Na waamuzi wa jadi wa Burundi, bashingantahe, walitarajiwa kuwa watu wa kusikiliza kwanza na kutunza siri za waliowajia. Mkimya anayezikimbia taratibu hizi kwa kuwa zina watu wengi anakimbia mahali pekee ambapo kuwapo kwake kunatosha.

Wapo watakaosema huu ni unafiki, kwamba namfundisha mtu kuvaa sura isiyo yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliwaomba watu waishi kichangamfu kwa wiki nzima. Kwa wastani washiriki walijisikia vizuri zaidi, lakini wale waliokuwa wakimya kwa hulka walinufaika kidogo, na wakaripoti uchovu na hisia ya kutokuwa wenyewe. Kuigiza uchangamfu wiki nzima kunamchosha mkimya, na mimi simwambii aigize. Anayesema marahaba haigizi uchangamfu. Anatoa alama inayoeleweka, yenye mwanzo na mwisho, kisha anarudi kwenye utulivu wake akiwa na amani na jirani. Bei ni ndogo, na ukimya unaobaki baada ya salamu hausomwi tena kama kiburi.

Kwenye kazi, Mishamo haimbani mkimya kama ofisi ya mjini inavyombana. Kilimo cha mahindi, maharage na mihogo kina saa ndefu za peke yako au na watu wawili watatu wa nyumbani. Tumbaku inataka mtu wa kukesha bani, anayeangalia moto na rangi ya majani, na kupanga madaraja kwa jicho lisilo na haraka. Asali ya Katavi hutoka kwenye mizinga iliyotundikwa msituni, mbali na baraza. Mahali pagumu ni pale zao linapogeuka fedha, kwenye chama cha msingi, kwenye soko, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Hapo sauti kubwa huonekana kuwa ndiyo akili. Lakini tazama jinsi kikundi cha kuweka na kukopa kinavyoundwa. Kuna mwenyekiti, na kuna pia katibu wa kumbukumbu, wahesabu fedha, mtunza sanduku na washika funguo wa kufuli tatu. Nafasi moja inataka msemaji. Zilizobaki zinataka mtu makini, asiyesahau, asiyetangaza akiba za wenzake sokoni. Ningemshauri mkimya aombe mojawapo ya hizo mapema, kabla ya kuchaguliwa kwa kusukumwa. Mwenye kazi inayojulikana kwenye kikundi haulizwi kwa nini haongei.

Mkutano mkuu wa kijiji ni jambo jingine, na hapa lawama siiweki kwa mkimya. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ndipo yanapojadiliwa mapato na matumizi, ardhi, michango ya shule na zahanati. Kimsingi ni demokrasia nzuri. Kwa utaratibu ni mashindano ya kunyoosha mkono haraka. Ajenda husomwa papo hapo, wasemaji wale wale wanne au watano huchukua nafasi, mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye hoja tofauti, kimya, basi imepita. Kimya kile kimesomwa kuwa ndiyo. Mwaka 1958 Taylor, Berry na Block wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vilivyobuni mawazo pamoja na idadi sawa ya watu waliobuni kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa. Waliofanya peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walionyesha sababu kubwa: katika kikundi huwezi kusema wakati mwenzako anasema, na ukisubiri zamu yako, wazo linafifia au unaliacha. Anayepoteza katika mkutano wa namna hiyo ni kijiji kizima, mchangamfu akiwamo, kwa sababu kinaamua kwa kutumia vichwa vitano wakati kina vichwa mia tano.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka kwa wale wanaosema kwamba dunia ya kujitafutia riziki inampendelea mwongeaji, kwa hiyo mkimya afunzwe kuongea na habari iishe. Anayeuza husema, anayeomba mkopo husema, anayetafuta kazi Mpanda mjini lazima ajulikane. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2013 mtafiti Adam Grant alichapisha uchambuzi wa mauzo ya wafanyakazi 340 wa kampuni iliyouza kwa simu huko Marekani, kazi ambayo ungedhani imetengenezwa kwa ajili ya waongeaji. Waliouza zaidi walikuwa wa katikati, si wachangamfu kupindukia wala wakimya kupindukia, kwani anayesema sana husahau kusikiliza mteja anataka nini. Naikubali sehemu ya pili ya matokeo hayo, kwamba mkimya kabisa naye aliuza kidogo. Ndiyo maana sisemi asijifunze lolote. Ajifunze sentensi za kazi yake, kama fundi anavyojifunza vipimo: bei, ubora, tarehe ya kulipa, neno la kukataa. Hizo hazizidi ishirini. Kilichobaki mtu anaweza kukifidia kwa kuwa na mdhamini mmoja au wawili wanaomjua vizuri. Mwenye marafiki wawili watakaosimama naye kwenye deni hana upungufu kwa yule aliyejuana na kata nzima na hana wa kumwekea dhamana.

Safarini mkimya ana shida ya namna yake. Reli ya tawi la Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, inampeleka mtu Tabora kwa saa nyingi, na behewa la Kitanzania halina desturi ya abiria kutazama dirishani bila kuulizana habari. Unatoka wapi, unaelekea wapi, kwenu ni wapi, wewe ni kabila gani. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyofanya kwa wasafiri wa treni na mabasi eneo la Chicago. Walioombwa kuzungumza na jirani wasiyemjua walisema safari ilikuwa nzuri zaidi kuliko walioombwa kukaa peke yao, ingawa watu walipoulizwa kabla walitabiri kinyume. Wakimya nao walifurahi. Sioni sababu ya kuukwepa ushahidi huo. Wakimya wengi hukadiria kupita kiasi maumivu ya mazungumzo mafupi. Ila abiria wa Chicago alikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa Mishamo wa mwaka 1985 hakuwa nayo: safari ilikuwa fupi, na swali la kwao ni wapi halikuwa na askari nyuma yake. Kwa aliyesafiri na kibali mfukoni, au bila kibali, swali la jirani kwenye kiti lilikuwa na uzito wa swali la afisa. Leo uzito huo umepungua, na mkimya anaweza kufanya kile ambacho wazee wake hawakuthubutu: kujibu maswali mawili ya mwanzo kwa ukweli, kuuliza moja la kwake, kisha kusema anapumzika. Watu wetu huheshimu usingizi wa msafiri kuliko tunavyodhani.

Nawaomba wenyeviti wa vijiji na wa vikundi watakaosoma sura hii wafanye jambo moja lisilogharimu chochote. Bandikeni ajenda kwenye mbao za matangazo siku kadhaa kabla ya mkutano, na mruhusu wajumbe kumpelekea mtendaji wa kijiji hoja zao kwa maandishi au kwa mdomo, zisomwe mbele ya mkutano pamoja na za waliosimama. Na mkiuliza kama kuna mwenye neno, kisha asijitokeze mtu, msiandike kwenye muhtasari kwamba wote wamekubali. Hamjui bado.